Beji Hutoka Wapi? Majibu kwa Vijana Wanaotaka Kwenda Mkutano wa Tabianchi

Kila mwaka, mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, unaojulikana kwa kifupi kama COP, unapomalizika, safu hii hupokea barua za vijana wanaouliza wao wataingiaje katika mkutano unaofuata. Baada ya mkutano wa 30, uliofanyika Belém, nchini Brazil, Novemba 2025, barua zimezidi, na sababu yake haijifichi: mkutano wa 31 utafanyika Antalya, Uturuki, Novemba 2026, na ule wa 32 umepangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2027, mlangoni petu. Hapa tumejibu barua nne. Majina na anwani za walioandika tumezihifadhi.

Shikamoo Mshauri. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Pangani, na nimo katika kikundi cha vijana kinachopanda na kulinda mikoko. Nimepokea barua pepe inayosema kwamba nimeteuliwa kuwa mjumbe wa vijana wa Afrika katika COP31, na kwamba nitume ada ya usajili ya mamia ya dola kabla ya mwisho wa mwezi ili nitumiwe beji pamoja na barua ya kuombea viza. Wenzangu wameanza kunichangia. Je, huu ndio utaratibu? Na kama sio, kijana asiye na mtu wa kumshika mkono anaipataje nafasi hiyo?

Marahaba, mwanangu. Kabla hujasoma zaidi, waambie wenzako wasitishe mchango, na kila aliyekwisha kutoa arudishiwe fedha yake. Sekretarieti inayosimamia mkutano huu, ambayo makao yake yako Bonn, Ujerumani, haitozi ada ya usajili kwa mtu yeyote, awe waziri au mpanda mikoko. Beji nayo haitumwi kwa barua: mshiriki huichukua mwenyewe mahali pa mkutano akiwa na pasipoti yake mkononi. Kwa hiyo anayekuuzia beji kwa barua pepe anakuuzia kitu ambacho hana, na haraka anayokutia ni sehemu ya biashara yake.

Wapo pia wafanyabiashara wa aina ya pili, ambao huwezi kuwaita matapeli moja kwa moja. Hawa huuza safari yenye mafunzo, hoteli na cheti, wakaitangaza kama nafasi ya kuhudhuria COP, na anayelipa akifika hugundua kwamba anaweza kuingia katika eneo la kijani tu. Eneo hilo huwa na maonyesho na mazungumzo ya wazi kwa umma, na si mahali pabaya, lakini majadiliano ya serikali hayafanyiki huko. Yanafanyika katika eneo la buluu, ambalo liko chini ya Umoja wa Mataifa, na geti lake halifunguki pasipo beji. Ukiambiwa kwamba umepata nafasi, swali lako la kwanza liwe hili: ni eneo gani, na ni shirika gani limeniteua?

Nasema shirika kwa sababu mtu binafsi hawezi kujisajili. Mlango wa eneo la buluu una njia tatu: ya ujumbe wa serikali, ya vyombo vya habari, na ya mashirika yaliyokwisha kukubaliwa kuwa waangalizi chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Shirika lenye hadhi hiyo hupewa idadi fulani ya nafasi kila mwaka, ambayo kwa mashirika mengi ni ndogo kuliko wanayoiomba, kisha huingiza majina ya watu wake katika mfumo wa usajili wa sekretarieti, na uthibitisho humfikia mhusika kutoka katika mfumo huohuo. Kikundi chenu kinaweza kuomba hadhi ya mwangalizi, na ningependa siku moja kiombe, lakini uombaji wake una nyaraka nyingi na hauishi kwa wakati wa kuwafaa kwa mkutano wa mwaka huuhuu. Njia ya karibu zaidi ni kutafuta shirika la mazingira, chuo kikuu au taasisi ya utafiti yenye hadhi hiyo, inayofanya kazi katika pwani ya Tanga au kwingineko nchini, na kuanza kufanya nayo kazi sasa, mapema, kabla ya msimu wa kugombania nafasi kuanza. Orodha ya mashirika yaliyokubaliwa iko wazi katika tovuti ya sekretarieti, na unaweza kuichambua nchi kwa nchi.

Vijana wana kundi lao linalotambuliwa rasmi ndani ya Mkataba, nalo huitwa YOUNGO. Lilianza kutambuliwa kwa majaribio mwaka 2009 na likapata hadhi kamili mwaka 2011. Kujiunga nalo hakuna malipo, na kazi yake hufanyika mtandaoni mwaka mzima katika vikundi vidogo vya mada, kuanzia fedha hadi kilimo. Nikuonye tu kwamba uanachama wa YOUNGO si beji. Unachokupa ni watu, taarifa na mazoea, na mara nyingi ni kwa kupitia watu hao kijana husikia kwamba shirika fulani limebakiwa na nafasi moja. Kundi hilo pia huandaa kongamano la vijana siku chache kabla ya kila COP, na katika nchi nyingi vijana hufanya kongamano lao la kitaifa mapema zaidi ili madai yao yaingie katika tamko la pamoja. Anza na hilo la kitaifa, maana nauli yake ni ya basi.

Usiidharau pia njia ya serikali. Tanzania ndiyo mwenyekiti wa Kundi la Afrika katika majadiliano haya kwa mwaka 2025 na 2026, jambo ambalo vijana wengi ninaozungumza nao hawalijui, na maana yake ni kwamba msimamo wa bara zima unaratibiwa na wataalamu ambao unaweza kuwaandikia kwa Kiswahili. Ofisi ya Makamu wa Rais, ambayo ndiyo imekuwa na dhamana ya mazingira, inafikika kwa barua. Iandikieni kama kikundi, mkieleza mnachofanya, mikoko mingapi imeshika na mingapi imekufa na kwa nini. Barua yenye taarifa za namna hiyo husomwa. Barua ya kuomba kupelekwa Antalya haitofautiani na nyingine mia zilizo mezani.

Mwisho ni fedha. Sekretarieti ina mfuko wa kuwasaidia wajumbe wa serikali za nchi maskini, lakini waangalizi hawamo katika mfuko huo. Atakayekuteua akueleze kwa maandishi ni nani analipa nauli, malazi, bima na chakula. Belém iliwafunza wengi: bei za vyumba zilipanda kiasi kwamba hata serikali za Afrika zililalamika kabla ya mkutano, na meli za abiria zikatia nanga ili zigeuzwe hoteli. Tena angalia anayekuteua ni nani, kwa sababu orodha ya washiriki huchapishwa, na jina lako litasomeka kando ya jina la shirika lililokupeleka. Kijana wa mikoko aliyeandikwa chini ya kampuni ya mafuta atakuwa na maelezo mengi ya kutoa kwa miaka mingi.

Kwako Mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mkaazi wa Mombasa. Shirika ninalojitolea limeniteua kwenda mkutano ujao, na nimefurahi, lakini nina hofu. Waliotangulia wananiambia kwamba kijana huko hupigwa picha na mawaziri, hupewa dakika mbili za kuzungumza ukumbi ukiwa mtupu, kisha hurudi nyumbani bila kujua ni nini kilichoamuliwa. Nifanyeje nisiwe pambo?

Waliokutangulia hawakukudanganya. Dakika mbili ni kweli: makundi ya waangalizi, likiwemo la vijana, hupewa muda huo katika kikao cha wote, mara nyingi baada ya nchi zote kumaliza kusema, na saa zikiwa zimekwisha huombwa watume hotuba yao kwa maandishi. Hata picha zenyewe zina historia yake. Januari 2020 Vanessa Nakate wa Uganda alipigwa picha mjini Davos, Uswisi, pamoja na wanaharakati wenzake wanne wa Ulaya, na shirika moja kubwa la habari likaichapisha picha hiyo likiwa limemkata yeye, Mwafrika pekee aliyekuwamo. Alilalamika hadharani, na shirika likaomba radhi. Ninachokumbusha zaidi kuhusu Nakate ni kwamba hakusubiri kuombwa radhi ili afanye kazi. Alikwisha kuanza kusimama barabarani Kampala na bango lake tangu mapema mwaka 2019, na aliendelea.

Ushauri wangu ni kwamba uchague jambo moja kabla hujafunga begi. Mkutano huu una ajenda nyingi zinazojadiliwa kwa wakati mmoja katika vyumba tofauti, kuanzia asubuhi hadi usiku, na watu wanaohudhuria ni makumi ya maelfu. Ule wa Dubai mwaka 2023 ulizidi watu 80,000. Anayetaka kuona kila kitu huishia kuona mabanda ya maonyesho. Wewe ni wa pwani na unasoma sheria, kwa hiyo ningekuona unafaa katika mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni fedha za kuhimili mabadiliko ya tabianchi: Belém ilitoa wito wa juhudi za kuziongeza angalau mara tatu ifikapo mwaka 2035 na ikapitisha viashiria 59 vya kupima kama dunia inapiga hatua katika kuhimili, na sasa ubishi umehamia kwenye namna ya kuvitumia na nani atagharimia upimaji wenyewe. La pili ni mfuko wa hasara na uharibifu, yaani wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na majanga ya tabianchi, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi siku ya kwanza ya mkutano wa Dubai, tarehe 30 Novemba 2023.

Siku 3 baada ya uamuzi huo wa Dubai, maporomoko ya tope na mawe yaliikumba Katesh, wilayani Hanang, mkoani Manyara, na Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano huohuo, alilazimika kuikatisha ziara yake na kurejea nyumbani. Nchini kwenu, miezi michache baadaye, mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu Mai Mahiu usiku wa manane. Mtu anayefuatilia mfuko wa hasara na uharibifu huku akijua kilichotokea Katesh na Mai Mahiu, nani alizika, nani alihamishwa, nani alilipwa na nani hakulipwa, huuliza maswali ambayo mtaalamu wa Ulaya hawezi kuyatunga. Huo ndio mtaji wako.

Ukishachagua, fuatilia jambo hilo katika vikao vya Juni vya Bonn, ambavyo hata usipokwenda unaweza kuvitazama mtandaoni kwa sehemu kubwa. Wageni wa mikutano hii hudhani kazi hufanyika Novemba. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi hupikwa Bonn na wataalamu, na Novemba mawaziri hubishania yale yaliyoshindikana. Soma rasimu kwa kalamu. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba ni yale ambayo nchi hazijakubaliana, na kazi nzima ya majadiliano ni kuyaondoa mabano hayo moja baada ya jingine, ama kwa kuyaacha maneno ama kwa kuyafuta. Mwanafunzi wa sheria atajisikia nyumbani. Taarifa za kila siku za Earth Negotiations Bulletin zitakusaidia kujua ni nchi gani iliyataka mabano yapi.

Kuhusu vyumba vyenyewe, ujue haki yako na mipaka yake. Kwa uamuzi wa nchi wanachama wa mwaka 1998, mwenyekiti wa kikundi cha majadiliano anaweza kuwaruhusu waangalizi kuingia isipokuwa theluthi moja ya nchi zilizopo zipinge, na anaweza kukifunga kikao wakati wowote. Ukitolewa, toka kwa adabu, ukae katika korido, kwa sababu wajumbe hutoka kwenda kunywa kahawa, na mengi huelezwa hapo. Lakini korido humsaidia anayejulikana. Watafute wajumbe wa Kenya wakiwa bado Nairobi, katika idara ya mabadiliko ya tabianchi ya wizara ya mazingira, uwaambie unafuatilia ajenda ipi na uwaombe nusu saa. Wajumbe wetu ni wachache na vyumba ni vingi. Kijana anayeweza kukaa katika kikao wasichokifikia, akaandika muhtasari safi wa ukurasa mmoja na kuwapa jioni, huacha kuitwa mwanaharakati na kuanza kuitwa kwa jina lake.

Mikutano ya asubuhi ya YOUNGO usiikose. Hapo ndipo hotuba ya dakika mbili hutungwa na msemaji huchaguliwa, na kama umefuatilia ajenda yako vizuri, wenzako watakutafuta wewe uandike aya inayohusu jambo hilo. Ukipewa kusema, sema kitu kimoja kinachohusu kifungu kilicho mezani. Elizabeth Wathuti wa Kenya, alipohutubia kikao cha viongozi Glasgow mwaka 2021, aliwaeleza njaa iliyokuwa ikiwakabili watu wa nchi yake na akawaomba wakae kimya kwa muda, na ukumbi uliojaa marais ukatii. Jambo kama lile hutokea mara chache na haliigiki; dakika mbili zako wewe zitafaa zaidi zikimwambia mwenyekiti kwamba aya ya 14 imewasahau wavuvi.

Maandamano nayo yana kanuni zake. Ndani ya eneo la buluu, huruhusiwi kuinua bango pasipo idhini ya sekretarieti iliyoombwa mapema, na kwa kawaida huruhusiwi kuitaja nchi wala mtu kwa jina katika bango hilo. Anayekiuka hunyang'anywa beji. Binafsi naiona kanuni ya kutotaja majina kuwa inawapendelea wanaostahili kutajwa, lakini ndiyo iliyopo, na shirika lililokuteua ndilo litakaloathirika pamoja nawe. Nje ya geti sheria ni ya nchi mwenyeji, na hiyo uisome kabla ya kupanda ndege.

Bwana Mshauri, salamu kutoka Lubumbashi. Nimesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Je, nina faida gani ya kwenda kwenye mkutano ambao kila kitu kinazungumzwa kwa Kiingereza?

Si kila kitu. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita, Kifaransa kikiwemo, na katika vikao vya wote kuna wakalimani, na maamuzi hutafsiriwa. Kiingereza hutawala katika vyumba vidogo, ambako wakalimani hawapo na rasimu huwa za Kiingereza pekee, na huo ni mzigo ambao hata wajumbe wenye uzoefu kutoka Afrika ya Kifaransa wamekuwa wakiulalamikia kwa miaka. Usiuone kama aibu yako.

Kifaransa chako kina kazi kubwa, kwa sababu ujumbe wa nchi yako hukutana na kuandika kwa Kifaransa, na Kongo si nchi ndogo katika mambo haya: mkutano wa maandalizi ya COP27 ulifanyika Kinshasa, Oktoba 2022, na msitu wa bonde la Kongo hutajwa kila mwaka na watu ambao hawajaukanyaga. Taasisi ya maendeleo endelevu ya jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa, IFDD, huchapisha mwongozo wa majadiliano kwa Kifaransa kabla ya mkutano, na ni mzuri kuliko vitabu vingi vya Kiingereza nilivyoviona. Usome huo kwanza. Kisha nenda chumbani na mwenzako kutoka Kenya au Uganda anayejua Kiingereza, yeye anong'one kwa Kiswahili na wewe uandike kwa Kifaransa. Asubuhi yake ujumbe wa Kongo una muhtasari ambao usingepatikana kwa njia nyingine. Kiingereza endelea kujifunza, lakini kisikuzuie kuomba nafasi.

Ndugu Mshauri. Mimi ni mzazi, niko Morogoro. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu na anataka kuahirisha mitihani ili aende Antalya na wenzake. Viongozi wamekutana mara 30 na mvua zinazidi kuharibika. Mimi naona ni utalii wa vijana kwa jina la mazingira. Nimkatalie?

Ndugu Mzazi, swali lako lina maswali mawili ndani yake, na majibu yake hayafanani.

Kuhusu kama mikutano hii ina manufaa, ninakubaliana nawe kwamba mwendo wake unaudhi. Afrika, ambayo sehemu yake katika gesijoto inayozalishwa duniani kila mwaka haifiki asilimia 4 au inaikaribia tu, ilikwenda Baku mwaka 2024 ikidai dola trilioni 1.3 kwa mwaka, na nchi tajiri zikakubali kuongoza upatikanaji wa angalau dola bilioni 300 kwa mwaka, tena ifikapo mwaka 2035. Ile trilioni ikabaki kuwa wito kwa kila mwenye uwezo. Ahadi ya awali ya dola bilioni 100 kwa mwaka, iliyotolewa Copenhagen mwaka 2009 ili itimie mwaka 2020, ilichelewa hadi mwaka 2022 kwa hesabu za wenye fedha wenyewe. Mtu akichoka, ana haki.

Hata hivyo, ukienda Dar es Salaam, pita Barabara ya Barack Obama, ile ya ufukweni, utazame ukuta wa bahari uliojengwa kuzuia mawimbi yaliyokuwa yakiila barabara. Sehemu ya fedha za kazi hiyo ilitoka katika Mfuko wa Kuhimili wa kimataifa. Mfuko huo uliamuliwa katika mkutano wa Marrakech mwaka 2001, taratibu zake zikajadiliwa Nairobi mwaka 2006, mkutano huu ulipofanyika kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, na ukuta ukakamilika mwaka 2018. Miaka 17 kutoka karatasi hadi zege ni mingi mno, na mtu anaweza kuitumia habari hiyo kuisifu mikutano au kuishutumu. Mimi naitumia kusema kwamba anayeingia katika kazi hii akiwa na miaka 21 anaweza kuyaona matunda yake kabla hajastaafu, na kwamba ni afadhali walioketi mezani wakati wa kuandika karatasi wawe wanajua bahari inapiga wapi.

Kuhusu binti yako, nakuunga mkono katika mitihani, si katika kukataa. Muulize mambo haya na umsikilize hadi mwisho: shirika gani limemteua, anafuatilia ajenda ipi, nani analipa, na atawaletea nini wenzake akirudi. Akikujibu kwa ufasaha, si utalii. Akikujibu kwa jina la hoteli, umepata jibu lako. Kama ameteuliwa kweli, aandike barua kwa mkuu wa kitivo sasa hivi, akiambatanisha uthibitisho wa usajili pindi atakapoupata, ili aulize iwapo mitihani inayogongana na safari inaweza kufanywa kwa tarehe nyingine pasipo kuahirisha mwaka mzima. Vyuo vina kanuni kuhusu jambo hilo, na huwa na huruma zaidi kwa anayeomba mapema kuliko kwa anayekuja na tiketi mkononi.

Chuo kikikataa, abaki afanye mitihani yake. Mikutano hii huzunguka kwa zamu za mabara, na zamu ya Afrika imekuwa ikija kila baada ya miaka 5: Marrakech 2001, Nairobi 2006, Durban 2011, Marrakech tena 2016, Sharm el-Sheikh 2022 baada ya mwaka mmoja kupotea kwa sababu ya korona, na sasa Addis Ababa 2027. Wakati huo binti yako atakuwa amemaliza chuo, au anakaribia. Mwaka huu ahudhurie kongamano la vijana la kitaifa, afuatilie vikao vya Bonn kwa simu yake, asome mpango ambao Tanzania imeuwasilisha kwa Mkataba kuhusu kupunguza gesijoto na kuhimili athari, na aulize mkoani Morogoro ni nani anayeutekeleza. Mashirika yanayotafuta vijana wa kuwapeleka Addis yataanza kuchagua mapema mwaka 2027, na mengine yataanza kuangalia watu kabla ya hapo. Awe na kitu cha kuwaonyesha.